Mwenye Beli si Mlanguzi, Lakini Alete Mizani

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala katika bwalo la maakuli. Hoja yenyewe ilisema hivi: wafanyabiashara wanaonunua nyasi kavu wakati wa mavuno, wakaziweka, wakangoja kiangazi ndipo wauze, ni walanguzi wanaomnyonya mfugaji. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi. Walipigiwa makofi hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia dirishani. Mimi nilikuwa viti vya nyuma, na kengele ya prepu ikalia kabla sijaitwa. Ndiyo maana nimeomba ukurasa huu niseme niliyotaka kusema siku ile.

Niseme mapema ili nisije nikashutumiwa: mjomba wangu huuza nyasi hapa Salgaa. Nyumbani kwetu nako tuna ng'ombe wawili wa maziwa, na mama hununua nyasi kila mwaka. Hanunui kwa mjomba kila mara, maana mjomba hakopeshi hata dada yake. Kwa hivyo suala hili nimelila kwa pande zote mbili.

Wenzetu wanaotoka mbali, wakisikia Salgaa wanafikiria malori tu. Ni kweli, malori yapo. Yanatoka Mombasa yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo, na usiku yanaegeshwa hapa msururu mzima, dereva anakula, analala, anaondoka. Lakini ukiiacha barabara kuu hatua chache tu, uko shambani. Upande wa Rongai kuna tambarare pana. Ukipanda kuelekea Molo na Mau Summit, baridi inaongezeka na viazi na maziwa vinatawala. Ukiteremka kwa njia ya Kampi ya Moto na Mogotio, nchi inakauka kidogo kidogo hadi unajikuta Baringo kwenye miiba na mbuzi. Sisi tuko katikati. Nyasi zinaota kwetu vizuri, na chini yetu kuna watu ambao ng'ombe wao huzihitaji sana Februari ikifika. Hiyo ndiyo sababu ya biashara hii kuwepo. Hakuna uchawi wowote.

Nyasi zinazosifika zaidi ni Boma Rhodes. Aina hii ilichaguliwa katika kituo cha utafiti cha Kitale, pamoja na nyingine kama Elmba. Jina Rhodes, kama ulikuwa hujui, ni la Cecil Rhodes, yule bepari wa kikoloni, aliyezipanda katika shamba lake karibu na Cape Town mwishoni mwa karne ya 19. Nyasi zenyewe ni za Afrika tangu jadi, ng'ombe wa babu zetu walizila kabla Rhodes hajazaliwa, lakini jina alilichukua yeye. Tuyaache hayo.

Sasa turudi kwenye hoja. Wasemaji wa ule mjadala walisema kwamba mwenye nyasi "hafanyi kitu, anafungia tu stoo na kungoja wenzake wataabike." Ati hafanyi kitu! Hebu nikueleze kinachofanyika.

Nyasi zinakatwa zinapokuwa zimechanua kama nusu hivi. Ukichelewa zinakuwa vijiti, ng'ombe anatafuna bila faida. Zikikatwa zinaanikwa shambani siku mbili tatu huku zikigeuzwa, na siku hizo mtu hulala akiangalia mawingu. Kisha zinafungwa. Mwenye shamba kubwa huita trekta yenye mashine ya kufunga, na mwenye ekari moja hutumia sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala sehemu ya chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Unatandika kamba, unajaza nyasi, unakanyaga kwa miguu kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba, unafunga, unanyanyua sanduku. Ukikanyaga barabara, utapata beli ya karibu kilo 20. Ile ya mashine mara nyingi huwa kati ya kilo 12 na 15.

Baada ya hapo ndipo kazi ya stoo inaanza. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hao hawakuwahi kuona beli iliyonyeshewa. Nyasi zikifungwa na unyevu, au zikilowa stoo, huanza kupata joto kwa ndani. Ukiingiza mkono katikati ya rundo unahisi kama umeutia ndani ya uji. Zinaota ukungu, na ukungu mwingine huwa na sumu ya aflatoksini, ambayo ng'ombe akiila hupita hadi kwenye maziwa tunayokunywa na chai hapa shuleni. Na joto likizidi sana, rundo linaweza kushika moto lenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Wengine hudhani hizi ni hadithi za kutisha watoto. Mwulizeni mwalimu wa kilimo.

Kwa hivyo mwenye stoo ya maana haweki beli juu ya sakafu. Anatandika magogo au mbao chini, hewa ipite. Haziegemezi ukutani, wala hazijazi hadi zikaguse mabati, kwa sababu usiku mabati hutoa jasho na jasho hilo hudondoka. Anaacha vichochoro kati ya marundo. Anafuga paka, kwa sababu panya hukata kamba, na panya wakizidi nyoka nao huja. Beli za zamani zinawekwa mbele ziuzwe kwanza. Mjomba huzikagua kila wiki kwa kuingiza mkono katikati, na akipata yenye joto anaitoa nje, anaifungua na kuianika upya. Hiyo ni hasara ya siku nzima.

Na moto ule mwingine, wa kuwashwa, sisi watu wa barabara hii hatuwezi kuuchukulia kwa mzaha. Tarehe 31 Januari 2009, hapo Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Sisi tulio shuleni sasa tulikuwa bado hatujazaliwa, au tulikuwa wachanga mno, lakini hakuna boma la huku ambalo halijasimuliwa. Ndiyo sababu mimi hushangaa nikiona mtu amepanga beli 200 chini ya turubai kando ya maegesho ya matangi, mita chache kutoka kwa jiko la nyama choma. Huyo nitamlaumu pamoja nanyi. Stoo ya nyasi iwe ndani, mbali na barabara, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara mlangoni.

Sasa tuje kwenye faida, maana hapo ndipo makofi yalipopigwa. Tuseme mtu amenunua beli 500 wakati wa mavuno kwa shilingi 150 kila moja. Hizo ni 75,000. Anakodi stoo kwa 3,000 kwa mwezi, miezi sita, hiyo ni 18,000. Vijana wa kupakia na kushusha wanachukua shilingi 10 kwa beli, ni 5,000. Beli 40 zinaharibika kwa ukungu na panya. Zilizobaki 460 anaziuza kiangazi kwa 250, anapata 115,000. Ukitoa gharama zote, amebaki na 17,000. Kwa miezi sita! Hapo sijahesabu kazi yake mwenyewe, na nimechukulia kwamba kiangazi kimekuja. Mvua ikinyesha Januari, nyasi mbichi zikaota kila mahali, nani atanunua beli kwa 250? Mwaka mmoja kama huo mjomba aliuza beli kwa bei aliyonunulia, na nyingine akampa jirani azitandike chini ya kuku.

Mlanguzi ninayemjua mimi ni yule anayeficha bidhaa iliyopo ili ionekane haipo. Huyu anachukua nyasi za Julai, ambazo vinginevyo zingeachwa zizeeke shambani au zichomwe, na kuzifikisha Februari. Bila yeye Februari hakungekuwa na bei ya juu wala ya chini. Kungekuwa hakuna nyasi.

Tumeona jambo hilo likitokea. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo haikuleta mvua ya kutosha katika kaunti kame za nchi yetu, Baringo ikiwemo. Mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa Kenya nzima. Sisi wa huku juu tulikuwa tunawaona wenzetu wakipanda na kanta kutafuta nyasi, na kila stoo waliyofika walikuta mbao tupu. Wakati ule hakuna aliyelia kwamba wanaohifadhi ni wengi mno. Kilio kilikuwa kwamba ni wachache.

Na huko huko Baringo kuna watu waliofumbua macho zamani. Lipo shirika la RAE, lililoanza kazi karibu na Ziwa Baringo mwaka 1982, ambalo huzungushia ua ardhi iliyokwisha kuwa jangwa na kupanda nyasi za kienyeji. Nyasi hizo wenye ardhi huzikata, huzilisha mifugo wakati wa dhiki, huziuza, na hata mbegu wanauza. Ikiwa nchi ya miiba inaweza kuweka akiba ya nyasi, sisi wenye mvua tunaokaa tukipiga makofi dhidi ya wenye stoo tunajidanganya.

Hadi hapo, ndugu zangu mliopinga, natumaini tuko pamoja. Lakini sasa naenda kuwaudhi.

Wafugaji wanapolalamika kwamba wananyonywa, hawasemi uongo. Wanakosea tu mahali pa kuelekeza kidole. Wao wanaelekeza kwenye bei. Mimi naelekeza kwenye kamba. Beli ni kitu gani? Hakuna ajuaye. Kuna beli ya kilo 15 na kuna beli ya kilo 9, zote zimefungwa kamba mbili, zote zinaitwa beli, zote shilingi 250. Mwaka jana mama alimwuliza muuzaji mmoja (si mjomba, na jina sitaji), "Mbona hizi zako nyepesi hivi, baba?" Akajibiwa, "Nyasi ni nyasi, mama. Kama unataka nzito, kanunue mawe." Watu wakacheka. Mama alinunua, kwa sababu jioni ng'ombe hawali vicheko.

Hebu tufanye hesabu nyingine. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 hula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Tuseme 10 ni nyasi, na zilizobaki ni chakula cha dukani. Kiangazi cha siku 100 kinataka kilo 1,000. Kwa beli za kilo 15 hizo ni beli 67, yaani shilingi 16,750. Kwa beli za kilo 10 ni beli 100, yaani 25,000. Tofauti ni shilingi 8,250 kwa ng'ombe mmoja, na kwetu ng'ombe ni wawili. Shilingi 16,500, mpenzi msomaji, ni mtu kurudi shule siku ya kufungua au kurudi wiki tatu baadaye. Pesa hizo hazikuibwa na kiangazi. Zimepotelea katikati ya kamba mbili, mchana kweupe.

Ajabu ni kwamba tunaishi katikati ya mizani. Kericho, hapo mbele, majani ya chai hupimwa hadi nusu kilo. Maziwa ya mama yanapimwa kila asubuhi na yakipungua kidogo yanaandikwa vile vile yalivyopungua. Msumari unapimwa. Sukari inapimwa. Hata viazi, baada ya kelele za miaka mingi kuhusu lile gunia la lumbesa lenye kilemba, kanuni za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Najua lumbesa bado ipo, na wanaotoka Molo wanajua zaidi yangu. Lakini angalau mkulima wa viazi ana kitu cha kuonyesha anapogombana na dalali. Mfugaji hana. Anainua beli kwa mikono miwili, anaipima kwa mgongo wake mwenyewe, na mgongo wa mtu mwenye njaa ya nyasi hupima vibaya.

Ninachosema ni rahisi: nyasi ziuzwe kwa kilo. Stoo yoyote yenye beli 100 haiwezi kushindwa kununua mizani ya kuning'iniza. Itundikwe mlangoni, mnunuzi aione ikisoma.

Nimeshawahi kumwambia mjomba hivi. Alinijibu jambo la maana sana, nami nitalileta hapa bila kulipunguza. Alisema, "Ukianza kuuza kwa kilo, watu watauza maji." Yaani mtu atanyunyizia nyasi jioni, asubuhi zimeongeza uzito, mnunuzi amebeba maji nyumbani na wiki ya pili ana ukungu. Ni kweli, mtu mwovu anaweza. Aidha, kilo haisemi nyasi ni za aina gani: mabua ya ngano yaliyofungwa kule Njoro yanaweza kuwa na uzito ule ule na yasiwe na lishe ya Boma Rhodes. Na nyasi zilizozeeka ni nzito kwa vijiti.

Kwa haya yote ninalo jibu, ingawa si kamili. Kuhusu maji, kuna jaribio ambalo halina gharama. Chukua chupa kavu ya plastiki yenye mdomo mpana, tia nyasi zilizokatwakatwa, tia kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikishikana au ikiganda ubavuni, nyasi zina unyevu kupita kiasi. Ikibaki kavu na kuanguka chini, nunua. Chumvi yenyewe si inapatikana kila jikoni? Kuhusu aina, macho na pua vitatosha kwa mtu aliyezoea: nyasi nzuri huwa na ukijani, zina majani kuliko vijiti, zinanukia vizuri, na ukizipiga hazitoi vumbi la ukungu. Fungua beli moja katikati kabla ya kulipia kumi. Muuzaji akikataa usifungue, tayari umeshajua kilichomo.

Mizani haitaondoa udanganyifu wote. Itaondoa ule mmoja mkubwa, wa beli ya kilo 9 inayojiita beli. Na itamsaidia muuzaji mwaminifu kuliko mtu yeyote. Mjomba anafunga beli za kilo 14 na 15, anauza bei moja na yule anayefunga za 9. Ni yeye anayepunjwa, ila hajalikubali bado. Alivyoona nimeandika hesabu kwenye karatasi, alisema mimi nitakuwa wakili, akaniondolea karatasi yangu akawashia jiko.

Sasa nije shuleni, kwa sababu si haki kuwahubiria watu wa sokoni huku nyumbani kwetu mambo yameharibika. Kila Jumamosi, waliopewa adhabu hufyeka nyasi nyuma ya mabweni na kando ya uwanja. Nyasi hizo hurundikwa karibu na choo, zikikauka huchomwa. Februari shule hununua beli kwa ajili ya ng'ombe wake kwa bei ya Februari, tena kwa kuhesabu beli, bila kupima. Nyasi zetu si Boma Rhodes, najua. Lakini ng'ombe wa shule hajawahi kuzikataa akifunguliwa. Chumba kile kitupu kando ya karakana, cha mita tatu kwa tatu, kikijazwa hadi mita mbili kwenda juu kinaweza kuchukua kama beli 80 za sanduku. Zile zitakazozidi mahitaji ya shule, Chama cha Kiswahili na chama cha kilimo wangeweza kuwauzia majirani kwa kilo, mizani ikiwa mlangoni, na bei ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Pesa hizo zingelipia nauli ya mashindano ya ushairi, ambayo mwaka huu tulichangishana hadi tukachoka.

Mwalimu wetu wa kilimo, ambaye najua husoma jarida hili hadi ukurasa wa mwisho, tafadhali usiseme tungoje bajeti. Mbao za kutosha sanduku moja zipo karakana, zile zilizobaki kwenye madawati. Kamba tutatoa wenyewe. Mizani ya kuning'iniza ipo jikoni, ile ya kupimia magunia ya maharagwe. Nimeshamwuliza mpishi mkuu, akasema tunaweza kuiazima Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mradi irudi kabla ya saa kumi.